Betri mbili garini: Gari la familia lisikatae kuwaka usiku wa dharura

Vuta picha hii. Ni saa nane usiku, msimu wa kuvuna mpunga. Familia imehamia shambani ng'ambo ya mto Kilombero, upande wa Lupiro. Mtoto wa miaka mitatu anachemka kwa homa na mwili umeanza kukakamaa. Mama anambeba, baba anakimbilia kwenye Land Cruiser na kuzungusha ufunguo. Gari linatoa mlio mmoja tu: "ta!" Kisha kimya.

"Baba watoto, kuna nini tena?"

"Betri imekwisha, mama. Simu zimechajiwa humu tangu jioni, watoto wameangalia video, na taa ya nje nayo ilikuwa inawaka."

Hapo kuwagombeza watoto hakusaidii. Gari la gia za mkono huweza kusukumwa likawaka, lakini nani atalisukuma kwenye tope, usiku, na mgonjwa yumo ndani? Daraja la mto Kilombero, lenye urefu wa mita 384, limemaliza adha ya kusubiri kivuko ili kufika hospitali Ifakara. Lakini daraja humvusha mwenye gari linalowaka.

Ndiyo maana wazazi wengi wenye magari ya shamba huongeza betri ya pili kwa ajili ya taa, simu na friji ndogo. Wazo ni zuri. Kosa huja pale betri hizo mbili zinapounganishwa moja kwa moja kwa waya. Zikiungwa hivyo zinakuwa kama mtungi mmoja: ukichota upande huu, na ule unapungua. Mwisho wa usiku zote mbili zimekwisha. Kinachotakiwa katikati yake ni kifaa cha kutenganisha betri. Injini ikiwaka, kinaziunganisha ili zote zichajiwe. Injini ikizimwa, kinazitenga, na betri ya kuwashia gari haiguswi na mtu.

Vifaa hivi ni vya aina nne, na bei zake hupishana sana.

Ya kwanza ni swichi ya kugeuza kwa mkono. Ni rahisi na haina mengi ya kuharibika. Udhaifu wake ni mmoja: inamtegemea mtu akumbuke. Baba aliyetoka kuvuna tangu alfajiri atasahau, na siku atakayosahau ndiyo siku hiyo.

Ya pili ni rilei inayojiendesha yenyewe kwa kupima volti. Injini inapochaji na volti zikapanda hadi karibu 13.3, inaunganisha. Zikishuka hadi karibu 12.8, inatenga. Hakuna wa kukumbuka wala wa kusahau. Kwa magari mengi ya dizeli ya zamani yanayotumika bondeni, hii ndiyo inayofaa familia. Ukiipata yenye kitufe cha dharura cha kuunganisha betri zote mbili kwa muda, ni bora zaidi: betri kubwa ikichoka, ya pili inaisaidia kuwasha.

Ya tatu hutumia dayodi. Nayo inajiendesha, lakini ya kawaida hupoteza takriban volti 0.7 njiani, hivyo betri huenda zisijae vizuri.

Ya nne ni chaja inayochukua umeme wa betri ya kwanza na kuipimia ya pili chaji inayoifaa. Ni ghali. Lakini kama gari ni la kisasa, ambalo alteneta yake hupunguza volti ili kuokoa mafuta, au kama betri ya pili ni ya lithiamu, usiikwepe.

Kabla ya kutoa pesa, mzazi amuulize fundi umeme maswali haya. Gari ni la volti 12 au 24? Yapo magari yenye betri mbili tangu kiwandani zilizoungwa kufanya volti 24. Hapo betri ya pili si ya akiba, na ukiweka kifaa cha volti 12 utaunguza vitu. Kifaa kinabeba ampea ngapi? Starta ya dizeli huvuta mamia ya ampea, kwa hiyo kama kitatumika kusaidia kuwasha, kisiwe kidogo. Fyuzi zitakaa wapi? Waya mkubwa unaounganisha betri mbili unatakiwa uwe na fyuzi karibu na kila betri, maana ukichubuka na kugusa bodi la gari unaweza kuwasha moto. Na kifaa kifungwe juu, mbali na maji ya madimbwi ya masika na joto la injini.

Usisahau hesabu ya matumizi. Friji ndogo inayovuta ampea 4 na kufanya kazi nusu ya muda, kwa saa 10 za usiku inakula ampea-saa 20. Taa mbili kubwa za mbele za wati 55 kila moja huvuta ampea 9. Zikiachwa saa 6 zinakula zaidi ya 50. Betri ya ampea-saa 70 haina ujanja hapo. Tena, betri ya kuwashia gari huharibika haraka ikinyonywa hadi mwisho mara kwa mara. Ya pili iwe ile inayostahimili kunyonywa, kama zinazotumika kwenye sola. Na safari ya dakika kumi kwenda dukani haiijazi.

Kifaa kikishafungwa, nyumba nayo iwekeane utaratibu. Simu, redio na friji vichomekwe kwenye betri ya pili tu. Watoto waonyeshwe ni tundu lipi lao, na wasiguse betri zenyewe, maana zina asidi. Baba au mama anunue mita ndogo ya volti na kupima betri ya injini kabla ya kulala, gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa. Ikisoma 12.6 imejaa, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikiwa chini ya 12, liwashwe na kuchajiwa usiku huohuo wakati bado lina nguvu ya kuwaka.

Mama naye afundishwe kilipo kitufe cha dharura na namna ya kukitumia. Homa ya mtoto bondeni si ya kusubiri kupambazuke, na si kila usiku baba atakuwepo.