Asilimia 150 ya prosesa: nguvu ya kuazima haina dhamana

Ripoti ya seva inapoonyesha kuwa prosesa imetumika kwa asilimia 150, wakubwa wa kampuni huwa na majibu mawili. Wapo wanaosema kipimo kimeharibika, na wapo wanaoidhinisha haraka fedha za kununua seva mpya. Majibu yote mawili yanaweza kula gawio la mwenye hisa.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mwaka 2004 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa seva za POWER5, ambazo mtambo mmoja huweza kukatwa sehemu nyingi, kila sehemu ikifanya kazi kama kompyuta inayojitegemea. Prosesa moja iliweza kuhudumia hadi sehemu 10. Kila sehemu hupewa mgao wake wa uhakika. Ile isiyowekewa kikomo, ikishamaliza mgao, huruhusiwa kutumia nguvu ambayo majirani hawaihitaji kwa wakati huo.

Asilimia inayozua mjadala hupigwa kwa mgao wa sehemu, wala haipigwi kwa mtambo mzima. Sehemu yenye mgao wa prosesa 2 ikitumia 3, ripoti husoma asilimia 150. Iwapo seva ina prosesa 8, sehemu hiyo imetumia asilimia 37.5 tu ya nguvu zote. Ni kama mwenye kibanda sokoni anayepanga nyanya zake hadi kwenye meza ya jirani ambaye hakufungua siku hiyo.

Tatizo huanza jirani anaporudi. Mwisho wa mwezi mishahara, ankara na hesabu za kufunga vitabu huja kwa pamoja. Kila sehemu hudai mgao wake, na ziada hutoweka. Kazi iliyozoea prosesa 3 hubaki na 2, na iliyokuwa ikimalizika kwa saa 2 huchukua saa 3. Ziada kidogo ikibaki, hugombewa kwa uzito ambao fundi ameupanga kati ya 0 na 255. Mwenye uzito wa 0 haambulii kitu.

Hivyo basi, asilimia 150 ya siku moja si habari ya kutisha. Ikisomeka kila siku, kampuni inaendesha biashara kwa nguvu za kuazima, na mwenye mali hakuweka sahihi popote.

Dawa ya kwanza ni kuongeza mgao, iwapo seva bado ina prosesa ambazo hazijagawiwa. Jambo hilo halihitaji mtambo mpya. Aidha, leseni ziangaliwe mapema, kwani baadhi ya programu hulipiwa kwa idadi ya prosesa ambazo sehemu inaweza kuzifikia. Kuondoa kikomo ovyo kunaweza kuleta ankara nzito kuliko kazi iliyookolewa.

Wenye hisa watakaoombwa kuidhinisha ununuzi wa seva wanayo haki ya kuuliza maswali matatu: asilimia hiyo ni ya nini, mgao ni kiasi gani, na mtambo mzima umetumika kiasi gani saa ya msongamano mkubwa? Uongozi usioweza kuyajibu usipewe fedha hadi utakapoleta hesabu kamili.