Nipe Mji: Ubunifu wa Utotoni na Mtu Mzima Aliyeusahau

Wahenga walinena kwamba utu uzima dawa. Kauli hiyo haina doa pale panapohitajika busara ya kusuluhisha ugomvi, kuposa au kugawa urithi. Hata hivyo, hakuna dawa isiyokuwa na madhara, na dawa ya utu uzima aghalabu humwachia aliyeinywa ugonjwa mwingine asioutambua, nao ni kukauka kwa ubunifu. Mtu ambaye utotoni aliona gari ndani ya waya na kopo, akifikia umri wa miaka thelathini huona waya na kopo tu. Jamii humsifu na kusema amekomaa. Makala haya yanadai kwamba sifa hiyo haistahiki. Mtu mzima hapotezi uwezo wa kubuni. Anachonyang'anywa ni ruhusa ya kukosea. Aidha, Kiswahili kina hazina yake cha kuirejesha ruhusa hiyo, hazina ambayo wanafunzi wa Kiswahili wanaihifadhi kwa bidii lakini hawaitumii.

Ni vyema kuanza kwa kumtazama mtoto anavyobuni. Katika mitaa na vijiji vya Kenya, watoto huunda magari kwa waya, wakayatia magurudumu ya vifuniko vya chupa au ya soli za ndara kuukuu. Mpira huundwa kwa matambara yaliyofungwa kwa kamba. Katika mchezo wa kalongolongo, udongo huwa ugali, majani huwa mboga, na msichana wa miaka sita huwa mama anayemkaripia mumewe wa miaka mitano kwa kuchelewa kurudi nyumbani. Mambo mawili yanajitokeza hapa. Kwanza, mtoto habuni kutokana na ombwe. Huchukua kilichopo, yaani taka za watu wazima na maneno ya watu wazima, kisha akakipa maana nyingine. Pili, hakuna anayempa alama. Ugali wa udongo haujapata kukataliwa na walaji wake kwa sababu si ugali. Mchezo ukigoma, kanuni hubadilishwa papo hapo: aliyekuwa baba huambiwa sasa ni daktari, na nyumba hugeuka hospitali bila ya mtu kuomba radhi.

Mtoto huyo huyo akishaingia shuleni, mambo hubadilika taratibu. Silabasi ya Fasihi Simulizi ya shule za upili chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanzishwa mwaka 1985, iliiweka michezo ya watoto miongoni mwa vipera vya maigizo. Hilo lilikuwa jambo la heshima kwa utamaduni wa watoto. Lakini matokeo yake yalikuwa kinaya: kijana ambaye miaka kumi awali alikuwa bingwa wa kalongolongo alijikuta akikariri sifa tano na umuhimu wa aina tano wa mchezo huo, ili avitapike katika karatasi ya mtihani. Akiulizwa aubuni mchezo mpya, hana la kusema, kwa kuwa hakuna mtahini aliyewahi kumwuliza hivyo.

Insha nayo ilipatwa na masaibu kama hayo. Mtahiniwa hupewa methali, akaagizwa kutunga kisa cha kuthibitisha ukweli wake. Hapewi nafasi ya kuisaili methali yenyewe, wala ya kutunga kisa kinachoipinga. Kwa kuwa alama zinatafutwa, walimu na wanafunzi wamebuni njia ya mkato: mianzo ya kukariri. Ndiyo maana katika maelfu ya insha jogoo huwika kwa maneno yale yale, jua huchomoza kwa maneno yale yale, na mhusika huamka akiwa na bashasha ile ile. Hayo hayatokani na uvivu wa vijana. Ni werevu wa mtu aliyeng'amua kwamba kukosea kuna adhabu, na kwamba kurudia lililowahi kusifiwa ni salama zaidi kuliko kusema lisilowahi kusemwa.

Chuoni hali haiwi nafuu. Mwanafunzi wa uzamili huenda nyanjani akiwa na kinasasauti, akamketisha bibi kizee na kumwomba vitendawili. Hukusanya mia moja, akavipanga kwa maudhui, muundo na dhima, akavitia katika tasnifu, akatunukiwa shahada. Lakini bibi huyo akimgeukia na kumwambia, “Haya, mjukuu wangu, nawe nitegee chako,” kijana humezwa na kimya. Anajua kitendawili ni nini. Anajua wataalamu walivyokifasili. Ila hajawahi kukitunga hata kimoja tangu alipoacha kucheza uani. Amekuwa mlinzi wa ghala ambaye mwenyewe hali nafaka iliyomo.

Ajabu ni kwamba katika kitendawili hicho hicho ndimo tiba ilimo. Mtegaji husema, “Kitendawili!” nayo hadhira hujibu, “Tega!” Akitega, “Nyumba yangu haina mlango,” majibu humiminika. Huyu ataja kaburi, yule ataja jiwe, na kila jibu hupimwa kwa kicheko au kwa ubishi. Hadhira ikishindwa, mtegaji haandiki sufuri kwa wino mwekundu. Husema, “Nipe mji.” Hupewa Nakuru akaukataa, hupewa Kisumu akaukubali. Hapo ndipo husimulia jinsi alivyofika Kisumu, akalakiwa kwa shangwe, akala samaki hadi akavimbiwa, watu wakamwuliza kilichowashinda wenzao huko atokako, naye akawafumbulia: yai.

Yafaa desturi hii izingatiwe kwa makini. Kutojua kuna gharama, kwa maana mji umetolewa na hauwezi kurudishwa. Lakini gharama yenyewe ndiyo inayozaa masimulizi. Kushindwa kwa hadhira hugeuzwa kuwa safari, na safari hiyo huwafurahisha hata wale walioshindwa. Katika chumba cha mtihani jibu lisilo sahihi hufunga mlango. Katika baraza la vitendawili hufungua barabara ya kwenda mjini. Hapa ndipo ilipo tofauti kati ya mazingira yanayokuza ubunifu na yale yanayouua. Mtoto hubuni kwa sababu anaishi katika ulimwengu wa “nipe mji”. Mtu mzima ameuhama.

Huenda msomaji akapinga kwamba kitendawili chenyewe kina jibu moja lililokwisha kukubaliwa na jamii, hivyo hakiwezi kuwa kielelezo cha uhuru wa kubuni. Pingamizi hilo lina uzito, ila linatazama upande wa mtegwaji tu. Mtegaji wa kwanza kabisa, yule aliyelitazama yai na kuona nyumba, hakuwa na jibu la kukariri. Alikitazama kitu alichokiona kila siku kana kwamba anakiona kwa mara ya kwanza. Tena si kweli kwamba ufundi huo ni wa watoto pekee. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa wa nusu ya kwanza ya karne ya 19, alikuwa mtu mzima alipokuwa akitunga mashairi ya mafumbo na kujibizana na washairi wenzake. Kurasa za mashairi za gazeti la Taifa Leo nazo zimechapisha mafumbo yaliyotungwa na watu wazima na kufumbuliwa na watu wazima. Kitendawili hakikuzaliwa chekechea. Kilipelekwa huko na watu waliodhani wamekua.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Utoto si pepo. Mtoto haogopi kukosea kwa sababu halipi kodi ya nyumba, halipi karo, wala hana mtu anayemtegemea. Kumwambia mtu mzima awe kama mtoto ni sawa na kumtaka atupe mzigo ambao wengine wataubeba. Aliyesema hivyo hajakosea, na makala haya hayamtaki mtu yeyote avue majukumu yake. Kinachodaiwa hapa ni kwamba mtoto na mtu mzima kila mmoja ana upungufu wake: mtoto ana ujasiri bila tajriba, mtu mzima ana tajriba bila ujasiri. Pale viwili hivyo vilipokutana, fasihi ya Kiswahili ilipata baadhi ya kazi zake bora.

Mfano wa kwanza ni Shaaban Robert. Alizaliwa mwaka 1909, akafanya kazi ya ukarani katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika, kazi ya kuandika yaliyokwisha kuamuliwa na wengine. Mtu huyo, akiwa ameshapita umri wa miaka arobaini, alichapisha Kusadikika mwaka 1951, kisa cha nchi iliyo angani. Nchi inayoelea hewani ni wazo ambalo mtoto angelipata akitazama mawingu. Lakini kesi ya Karama mbele ya baraza la nchi hiyo, na mateso ya wajumbe waliotumwa ng'ambo kutafuta mema wakarudi wakafungwa, ni mambo ya mtu mzima aliyejua dhuluma na aliyejua kwamba kuisema waziwazi ni hatari. Ndoto ya kitoto iliibeba hoja ambayo ripoti ya karani isingeweza kuibeba.

Katama Mkangi naye alikuwa mwanasosholojia na mhadhiri, akawekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani katika miaka ya 1980. Mwaka 1995 alitoa riwaya aliyoiita Walenisi. Ukilikata jina hilo vipande unapata “wale ni sisi”. Huo ni mchezo wa maneno wa kiwango cha uani, ambao mtoto yeyote angeufurahia, lakini ndani yake mna hukumu nzima juu ya jamii. Mtu aliyepitia kizuizini hakosi sababu ya kuandika kwa hasira kavu. Mkangi alichagua kuzua ulimwengu. E. Kezilahabi alifanya jambo linalokaribiana na hilo katika Nagona (1990) na Mzingile (1991), naye Kyallo Wamitila katika Bina-Adamu! (2002), ambamo safari ya kiajabu inarejelea muundo wa ngano ambazo watoto walisimuliwa kando ya moto. Waandishi hawa hawakurudi utotoni kujificha. Walirudi kuchukua kifaa walichokiacha.

Suala hili lina dharura yake kwa wanafunzi wa Kiswahili wa leo. Mtaala wa Umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 unautaja ubunifu miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi ambao kila mwanafunzi anapaswa kuupata. Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Kwenye karatasi, basi, mlango umefunguliwa. Ila mtaala hauingii darasani kwa miguu yake. Huingizwa na mwalimu. Wengi wa walimu wa Kiswahili hutoka katika idara hizi hizi ambamo kutunga kumeachiwa wachache wenye “kipawa”, na wengine wote hufundishwa kuainisha. Mwalimu asiyethubutu kukosea mbele ya wanafunzi wake atawafundishaje kuthubutu? Atafanya alichokifanyiwa: ataukariri ubunifu, atautolea sifa tano na umuhimu wa aina tano, kisha atautungia mtihani.

Nyumbani nako kuna hasara isiyohitaji takwimu kuonekana. Watu wazima wasipotega, watoto hawategewi. Kazi ya kuwasimulia watoto imeachiwa runinga na simu, ambazo hutoa hadithi zilizokwisha kukamilika. Simu haiombi mji. Mtoto hawezi kuikatiza na kusema kwamba sungura asife, wala yenyewe haiwezi kumgeukia na kumwuliza, “Ungekuwa wewe ungefanyaje?”

Ni lipi basi lifanywe? Kwanza, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vifungue mikutano yake kwa kutegana vitendawili vipya, kwa sharti kwamba kisikubaliwe chochote kilichomo vitabuni. Vitu vya zama hizi vinasubiri kutegwa. “Nyumba yangu haijai wageni” ni matatu ya saa kumi na moja jioni, na hakuna abiria wa Nairobi atakayeomba maelezo. “Mgeni wangu hula ukutani” ni simu inayotiwa chaji. Vingine vitakuwa vibovu. Havidhuru; mtegaji atacheka pamoja na wenzake na kutega tena.

Pili, kozi za Fasihi Simulizi zimtake kila mwanafunzi, mbali na kukusanya ngano, atunge yake na kuisimulia mbele ya hadhira iliyo hai, hasa ya watoto. Watoto ni wahakiki wasiojua kupendelea. Wakichoka huondoka, wakifurahi hudai kurudiwa, na wakiona kisa kimepinda hukinyosha wao wenyewe. Tatu, kila mtu mzima aliye na mtoto karibu naye, awe mwana, mpwa au jirani, amwachie mtoto huyo usukani wa hadithi angalau mara moja kwa juma. Akiambiwa kwamba fisi amekuwa rubani, asisahihishe. Aulize ndege inakwenda wapi.

Methali isemayo kwamba samaki hukunjwa angali mbichi imewakatisha tamaa wengi, wakidhani kwamba wao wamekwisha kukauka. Methali hiyo inahusu malezi, wala si hukumu ya kudumu. Shaaban Robert hakuwa mbichi alipoiandika nchi ya angani, wala Mkangi alipoiandika Walenisi. Utu uzima utabaki kuwa dawa iwapo mwenye nao atakumbuka kwamba kutojua si aibu ya kufichwa. Siku atakapotegewa na mwanawe jambo linalomshinda, asijifanye anajua, wala asimkemee kwa kuuliza maswali mengi. Ampe mji, kisha akae kitako amsikilize.