Chenga na Vivuli vya Televisheni ya Zamani

"Hapo hapo! Usiizungushe tena!" Akina mama wapendwa, ni nyumba ngapi zilipiga kelele hizo, baba yuko nje ameshika mlingoti wa antena na watoto wamejazana mbele ya televisheni?

Mwenzetu mmoja anauliza kama aitupe televisheni yake, ile nzito yenye kisogo kirefu, kwa sababu inaonyesha chenga tupu. Kabla ya kumjibu, tutazame ilivyofanya kazi.

Katika matangazo ya analojia ya kwetu Afrika Mashariki, picha iligawanywa katika mistari 625, kama mkeka unavyoshonwa ukili kwa ukili. Kila sekunde zilirushwa picha 25. Mwanga mbele ya kamera ulipobadilika, nguvu ya wimbi hewani nayo ilibadilika, na nyuma ya kioo cha televisheni miale ya elektroni ikachora mstari mmoja baada ya mwingine, upesi kuliko macho yetu. Sauti ilisafiri kwenye wimbi lake pembeni. Ndiyo maana siku nyingine tulisikia taarifa ya habari vizuri huku msomaji hana uso!

Televisheni hizo hazikujua kuchagua. Chochote kilichoingia kwenye antena kilichorwa. Mawimbi yakiwa dhaifu, zilionekana chenga. Na yule mtu wa pili, kama kivuli kando ya mwenzake? Hilo ni wimbi lililogonga kilima au ghorofa likafika kwa kuchelewa. Njia yake ikizidi kwa mita 300 tu, kwenye kioo chenye upana wa nusu mita kivuli kilisogea kulia karibu sentimita moja. Antena ikigeuzwa kidogo, wimbi hilo lilipungua. Basi baba hakuwa akibahatisha, ingawa alionekana hivyo.

Mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, na Kenya mwaka 2015. Kwa hiyo chenga hizo peke yake si ugonjwa. Seti inachora hewa isiyo na picha. King'amuzi hupokea matangazo ya dijitali na kuyageuza yawe katika namna inayoeleweka na seti ya zamani. Mama, usiitupe bado. Fedha hizo zina ada ya kulipa. Ila kabla ya kununua king'amuzi, hakikisha matundu yake yanalingana na yale ya nyuma ya seti yako.

Isipowaka kabisa, usiifungue. Ndani ya seti ya rangi mna umeme unaozidi volti 20,000, na huweza kubaki hata baada ya waya kuchomolewa. Tena uzito wake mwingi uko mbele, kwenye kioo. Iwekwe chini, juu ya meza imara, mahali ambapo mtoto anayejifunza kusimama hawezi kuivuta ikamwangukia.