"Haitishi, ni ya Watoto": Je, Hicho Ndicho Kipimo?

 

Ndugu msomaji, mwanafunzi wetu mmoja wa miaka 11, yatima aliyefiwa na baba, alibaki darasani baada ya wenzake kutoka, akatuuliza kama ipo dua ya kumfufua maiti. Tulidhani amesikia kisa cha Nabii Isa (a.s.). La hasha. Alikuwa ametazama filamu nyumbani kwa ami yake, The House with a Clock in Its Walls, iliyotoka Marekani mwaka 2018. Tulipomwendea ami huyo alitujibu kwa adabu: "Ustadh, niliiangalia mwenyewe kwanza. Haitishi sana, ni ya watoto."

Wanausuli wametufundisha kwamba hukumu juu ya kitu ni tawi la kukijua kitu chenyewe. Basi tukaitazama mwanzo hadi mwisho.

Kisa ni cha mwaka 1955, katika mji wa kubuni jimboni Michigan. Lewis, mtoto wa miaka 10, amefiwa na wazazi wote wawili kwa ajali ya gari. Anachukuliwa na jamaa yake Jonathan, ambaye ni mchawi, na jirani yao mwanamke ni mchawi pia. Ndani ya kuta za nyumba yao inagonga saa iliyofichwa na mchawi wa tatu, aliyekwisha kufa, na fumbo la filamu ni kuitafuta. Lewis anafundishwa sihiri. Kisha, ili amridhishe rafiki, anaiba kitabu alichokatazwa, anakwenda makaburini usiku na kumtoa maiti kaburini.

Tuseme haki. Filamu inaonesha kuwa kumfufua maiti ni balaa, na mtoto anajuta. Malezi ya yatima yamepewa heshima humo. Lakini anayemsukuma Lewis kwenye kitabu kile ni sura ya mama yake inayomjia ndotoni, na baadaye yabainika kuwa ni hila ya mchawi. Mtu mzima huiona hila hiyo. Yatima wa miaka 11 ameona mama aliyekufa akirudi kuzungumza na mwanawe, na hilo ndilo alilotoka nalo.

Ami alipima hofu peke yake. Hofu ya picha mara nyingi hupita. Ajabu ni kwamba waainishaji wa Marekani, wasio na habari na tauhidi yetu, waliipa filamu hii daraja ya PG, na katika sababu walizozitaja sihiri imetangulia mbele ya picha za kutisha! Wao wameiona, sisi wenye Suratul Baqarah aya ya 102 tunauliza kama mtoto atalala vizuri.

Ndani ya filamu yumo mchawi mwema na mchawi mwovu, na uovu unashindwa kwa sihiri bora zaidi. Hayumo hata mmoja anayeiacha. Mtoto wa Michigan akitoka ukumbini, huenda yakaishia hapo. Wa kwetu akitoka mlangoni anakuta bango la mganga limegongomewa kwenye nguzo ya umeme. Katika nchi hii vikongwe wameuawa kwa kuwa macho yao ni mekundu, na ndugu zetu wenye ualbino wamekatwa viungo kwa ajili ya dawa za utajiri. Hapa sihiri si mchezo wa saa na maboga.

Hukumu yetu: haiwafai watoto wa miaka 9 hadi 12, na kwa aliyefiwa karibuni ni dhuluma. Aliyekwisha kuiona asichapwe. Akalishwe chini aulizwe ameelewa nini. Sisi tulimwambia kijana wetu kuwa maiti harudi kabla ya Kiyama, ila dua ya mtoto mwema humfikia baba yake. Akauliza kama ni lazima aombe kwa Kiarabu. Tukamjibu, aombe kwa lugha aliyokuwa akizungumza naye.

Wapo walimu wenzetu watakaofurahi kusoma haya, wao ambao wameharamisha televisheni nzima bila kutazama chochote. Wasifurahi mapema. Ami ameahidi kuifuta filamu ile kwenye flashi, nasi tukamwomba jambo la pili: amvue mtoto hirizi aliyofungwa mkononi tangu msiba. Iliandikwa na mwalimu wa madrasa, kwa malipo.