Rubani Aliyevua Sare

Mkoa wa West Nile umetoa askari tangu enzi za King's African Rifles, na Manibe, karibu na mji wa Arua, haikubaki nyuma. Askari wa miguu akistaafu hurudi kwenye jembe lake bila maswali. Rubani akistaafu huitazama ndege ishukayo Arua, naye huambiwa na jamaa zake kwamba mambo hayo yamekwisha, akae atulie. Sisi tunasema kwamba jamaa hao wanamshauri vibaya.

Hatusemi hivyo kwa kumfurahisha mtu, kwani kanuni zenyewe zinasema. Mpaka mwaka 2006, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilimtaka nahodha wa ndege za abiria zivukazo mipaka aache usukani akiwa na miaka 60. Mwezi wa Novemba mwaka huo umri ulisogezwa hadi 65, kwa ndege yenye marubani wawili. Arukaye peke yake angali na 60. Kwa hiyo afande anayeondoka jeshini au katika polisi akiwa na miaka 50 anayo miaka 15 ya kazi mbele yake, mradi daktari amkubali. Na daktari huyo si wa kumwona mara moja tu: aliyepita miaka 60 hupimwa kila miezi 6.

Tazameni pia yaliyolipata shirika letu la ndege. Liliundwa mwaka 1976, likafa mwaka 2001, likaruka tena tarehe 28 Agosti 2019, safari ya Nairobi. Rubani aliyekuwa na miaka 35 lilipokufa alikuwa na 53 lilipofufuka. Je, huyo alikuwa mzee? Kwa hesabu ya kanuni alibakiwa na miaka 12.

Lakini asidanganyike mtu kwamba kurudi ni kupanda na kuruka. Leseni ya kijeshi si leseni ya kiraia. Sheria za anga, hali ya hewa na uongozaji wa safari hufanyiwa mitihani upya. Kila aina ya ndege ina mafunzo yake. Nahodha asiyeruka na kutua mara 3 katika siku 90 zilizopita haruhusiwi kubeba abiria mpaka ajizoeze tena, sembuse aliyekaa miaka 10. Wakufunzi wanajua kwamba mkono haupotezi upesi ujuzi wa kushika usukani. Kinachofifia kwanza ni utaratibu, yaani lipi lifuate lipi injini moja inapozimika. Hilo hurudishwa kwa mazoezi katika mtambo wa kuigiza urukaji, nayo gharama yake si ndogo.

Tena kuna jambo ambalo askari hulisema kwa sauti ya chini. Anayerudi huanzia kiti cha kulia, na nahodha wa kushoto huenda akawa kijana wa umri wa mwanawe. Aliyezoea kupigiwa saluti atamwambia kijana huyo "ndiyo, Kapteni", na kumaanisha. Asiyeweza hayo heri abaki na ng'ombe wake. Angani cheo cha zamani hakishushi ndege salama.

Linalotuuma zaidi ni karatasi. Mwezi wa Aprili 1979 Kampala ilipoanguka, askari wengi wa West Nile walivuka kwenda Sudan na Zaire. Yeyote kati yao aliyekuwa rubani, akaliacha nyuma daftari lake la saa za kuruka, aliacha ushahidi wa maisha yake yote ya kazi. Leseni ya juu ya usafirishaji hudai saa 1,500, na saa zisizoandikwa hazihesabiwi. Hivi leo hakuna vita vya kumsingizia. Makao makuu ya anga, ya jeshi na ya polisi, hayana budi kumpa kila rubani anayestaafu nakala ya saa zake iliyopigwa muhuri, siku ile ile anayorudisha sare, asije akazifuata ofisini miaka mitano baadaye.

Na kwa yule aliyepita 65, marufuku hayo ni ya kubeba abiria kibiashara kuvuka mipaka. Hayakutaja kufundisha. Chuo cha urubani cha Soroti, kilichofunguliwa mwaka 1971 kwa ajili ya Afrika Mashariki nzima, ndipo mahali pa kwanza pa yeye kubisha hodi.