Pikipiki za Umeme na Shauri la Chaji

Bwana Mkulima, mwaka 2019 Serikali ilipunguza ushuru wa magari ya umeme kutoka asilimia 20 hadi 10, na mwaka 2023 pikipiki za umeme zikawekewa Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 0. Jambo jema. Norway ilisamehe kodi kama hiyo mwaka 2001, na mwaka 2024 karibu magari mapya 9 katika kila 10 huko yalikuwa ya umeme. Lakini kwao umeme umefika kila nyumba. Wewe wapeleka maembe Wote, au ndengu Kitui mjini, kwa njia ya mchanga na vilima. Betri ikiisha katikati, utasukuma pikipiki pamoja na magunia? Kwangu mimi, kupunguziwa kodi bila mahali pa kuchaji sokoni ni nusu ya msaada. Ulizeni barazani, kabla hamjauza mbuzi.