Maneno ya Pambizoni

Mwezi wa Shaabani uliopita, kamati ya msikiti wetu hapa Malampaka iliandaa orodha ya kaya zitakazopewa futari. Nikiwa katibu, niliiandika orodha hiyo kwa kompyuta, kisha nikawatumia wajumbe kwa WhatsApp ili kila mmoja atoe maoni. Ulikuwa wakati wa palizi, na mjumbe mmoja hushinda Mwanza kwa biashara zake, hivyo kikao kilikuwa kigumu kupatikana. Niliwaelekeza namna ya kuandika pambizoni: unachagua jina, unabofya palipoandikwa Review, kisha New Comment, na maneno yako yanakaa kando bila ya kuligusa andiko lenyewe.

Maoni mengi yalikuwa ya manufaa. Mmoja alikumbusha kuwa kaya fulani imekwishahama. Mwingine alisema mzee fulani analea wajukuu sita, si wawili. Lakini penye jina la mama mmoja mjane, mjumbe aliandika kuwa mwanawe ana bodaboda na hatoi matumizi nyumbani. Wa pili akamjibu hapo hapo chini, na wa tatu akaongeza jambo ambalo sitalirudia. Tulikubaliana mama yule apewe. Nami nikabadilisha mwonekano wa waraka kuwa No Markup, pambizo ikawa nyeupe, nikadhani kazi imekwisha.

Nilipeleka faili steshenari, zikatolewa nakala nane za vijana wagawaji. Katika kompyuta ile maoni yote yalijitokeza, yakachapwa pamoja na majina ya walioyaandika. Sikuzitazama karatasi. Mmoja wa vijana wale wanane alikuwa mwana wa mama yule.

Ndugu msomaji, jambo la kuandika pembeni mwa waraka si geni kwetu. Aliyesoma fiqhi ya Kishafi anakijua kitabu cha Abu Shujaa, sharhe yake Fat-hul Qarib ya Ibn Qasim, na juu yake hashiya ya Sheikh Ibrahim Al-Bajuri: maneno juu ya maneno, karne kwa karne. Wanazuoni wa hadithi waliweka hata adabu za pambizo. Ibn Salah, aliyefariki mwaka 643 Hijria, ameeleza katika Muqaddima yake jinsi ya kurejesha pembeni neno lililosahauliwa, na jinsi ya kufuta kwa kupiga mstari juu ya neno, jambo walilolipendelea kuliko kulikwangua, ili msomaji aone kilichokuwepo. Kadhi Iyadh, kabla yake, alitahadharisha kwamba maelezo ya pembeni yasiwekewe alama ile ile ya neno lililosahauliwa, mnakili asije akayadhania kuwa sehemu ya kitabu. Khofu yao ilikuwa moja: maneno ya kando yasije yakaingia mahali pasipo pake.

Khofu hiyo haijaondoka. Mwezi Oktoba 2005, Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti ya mchunguzi Detlev Mehlis juu ya kuuawa kwa Rafik Hariri, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Lebanon. Katika nakala ya kompyuta iliyowafikia waandishi wa habari, masahihisho yalikuwa bado yamo ndani, na majina ya wakubwa yaliyokwisha kuondolewa yakasomeka upya. Mehlis alieleza kuwa aliyaondoa kwa sababu watu hao hawakuwa wamethibitishwa kuwa na hatia. Lakini ulimwengu ulikwisha yasoma.

Basi ijulikane kuwa kuficha si kufuta. No Markup hukuondolea wewe tu maoni machoni. Resolve husema mjadala umekwisha, lakini maneno yanabaki ndani ya faili. Anayetaka yaondoke aende Review, afungue mshale ulio chini ya Delete, achague Delete All Comments in Document. Na kama kulikuwa na masahihisho yaliyorekodiwa, ayakubali au ayakatae yote. Kwenye kompyuta ya Windows ipo pia Inspect Document, ndani ya File na Info, inayokagua yaliyojificha. Haya yafanyike katika nakala mpya, na ya zamani ibaki kwa katibu kama kumbukumbu. Hali ni hiyo hiyo kwa wasia, kwa barua ya posa iliyopitiwa na wajomba, na kwa binti anayerudisha chuoni utafiti wake huku mashoga zake wameandika mizaha pembeni.

Hata hivyo, nisijifiche nyuma ya vitufe. Aya ya 12 ya Suratul Hujurat tunaisoma sana, tukadhani inauhusu ulimi peke yake. Imam Ghazali, katika Ihyaa, aliihesabu kalamu pamoja na ulimi. Ni kweli Imam Nawawi ametaja sababu sita zinazoruhusu kumtaja mtu kwa asilolipenda, na kushauriana juu ya anayestahiki kunaweza kuingia humo, lakini kwa kadiri ya haja tu. Kwamba mama hapati matumizi kutoka kwa mwanawe, hilo lilihitajika, tena lilimfaa. Lile la tatu halikuhitajika na yeyote, na mimi niliyelisoma wa kwanza nilipaswa kulifuta saa ile ile.

Kijana yule aligawa mifuko yote aliyokabidhiwa, ukiwemo wa nyumbani kwao, wala hakusema neno. Karatasi yake aliirudisha baada ya Idi, imekunjwa mara nne. Hapo ndipo nilipojua.

Nilikwenda kwa mama yake baada ya Alasiri kumwomba radhi. Alinikaribisha kiti, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Ustadhi, na mwaka ujao jina langu mtaliandika?" Nikamjibu, "Inshaallah, mama, tutaliandika." Akaniomba nisiliandike.